Rimu bado nyeusi baada ya kufunga pedi za seramiki? Anza na tairi moja

Dar watu wengi hawahamii pedi za seramiki kwa sababu ya breki. Wanahamia kwa sababu ya rimu. Gari limeoshwa Jumamosi, linang'aa. Jumatatu jioni limeshakaa kwenye foleni ya Ubungo mara mbili, na ukilipaki nyumbani unakuta rimu za mbele zina weusi kama mtu kazipaka masizi. Muuza spea wa Gerezani hana maneno mengi: "Bosi, chukua seramiki, utasahau." Unachukua, unafunga. Wiki mbili baadaye ama vumbi liko palepale, ama breki zinalia, ama gari linasimama tofauti na ulivyozoea, na unaanza kujiuliza umeuziwa nini.

Mimi si fundi wa kusomea. Nyumbani tuna IST na Rav4 ya mke wangu, na pedi nazifunga mwenyewe chini ya mwembe, Tabata, baada ya kuchoka kulipa halafu kurudi tena gereji. Malalamiko mengi niliyokutana nayo, yangu na ya majirani, kosa halikuwa la pedi. Lilikuwa la vitu vilivyoizunguka: pini kavu, diski iliyochoka, mafuta ya breki yaliyokaa miaka mitano. Kwa hiyo kabla hujairudisha pedi dukani, fungua tairi uangalie.

Ulichonunua ni nini hasa

Seramiki ya pedi ni mchanganyiko wa nyuzi za seramiki, gundi ya resini na vijazio vingine. Usichanganye na diski za kaboni-seramiki za magari ya mashindano. Kuna wauzaji wanaoviunganisha viwili hivi ili wapandishe bei. Diski yako ni chuma kilekile cha kawaida cha kumimina.

Pedi nyingi za bei ya chini sokoni ni semi-metaliki. Hizi zina chuma ndani yake, mara nyingi asilimia 30 hadi 65 ya uzito. Zinashika vizuri na kuvumilia joto, lakini vumbi lake ni jeusi na linang'ang'ania rimu. Likilowana na kukauka mara kadhaa linaota kutu juu ya rangi, na hapo sabuni ya unga haisaidii. Seramiki nayo inatoa vumbi, ila rangi yake ni hafifu na haling'ang'anii. Aliyekuahidi kwamba hutaona vumbi kabisa alikudanganya, maana hata diski yenyewe inalika kidogo kila unapokanyaga.

Jambo ambalo wenye Toyota za Japani wengi hawalijui: pedi zinazokuja na gari kutoka kiwandani kwa soko la Japani kwa kawaida tayari ni za vumbi kidogo. IST yangu ilipotoka bandarini rimu zilikuwa safi. Weusi ulianza siku nilipofunga pedi za bei rahisi. Wenye magari ya Ulaya, BMW na Mercedes za Masaki, hali yao ni tofauti kabisa. Kule pedi za kiwandani zenyewe zina chuma na zinamwaga vumbi tangu mwanzo, na wao ndio wanaoona mabadiliko makubwa wakihamia seramiki.

Vumbi bado jingi

Kwanza hakikisha ni vumbi la breki. Ukiishi Goba au Mbezi kwa ndani, rimu zitakuwa na udongo mwekundu hata ukifunga pedi za dhahabu. Futa rimu kwa karatasi nyeupe iliyolowa. Udongo wa barabara huacha kahawia, na breki huacha kijivu au nyeusi. Karatasi ikikauka, pitisha sumaku chini yake: vumbi la breki za chuma litatembea.

Sasa linganisha matairi ya mbele, kulia na kushoto. Hapa usiharakishe. Yote mawili yakiwa na weusi sawa, shida ni ya pedi au ya diski. Moja likiwa jeusi kuliko mwenzake, shida ni ya kalipa, kile chombo kinachobana pedi kwenye diski, na kubadilisha aina ya pedi hakutakusaidia chochote.

Hili lilinikuta. Gereji moja ya barabarani ilinifungia seramiki kwenye IST kipindi bado sijaanza kufanya mwenyewe. Rimu ya kulia ilikaa safi wiki nzima, ya kushoto ilikuwa nyeusi ndani ya siku nne. Nikarudi.

"Fundi, mbona kushoto kuchafu hivi?"

"Bosi, kushoto si ndiko kwenye ukingo wa barabara? Vumbi lote liko huko. Ikitembea itakaa sawa."

Maelezo yalikuwa mazuri kiasi kwamba niliyakubali kwa miezi mitatu. Siku nilipolifungua mwenyewe nilikuta pedi ya nje bado nene, ya ndani, ile inayosukumwa na pistoni, imelika zaidi ya nusu. Pini ya chini, ambayo kalipa hutelezea juu yake, haikusogea hata nilipoivuta kwa koleo. Kimpira chake kilikuwa kimevimba, laini kama mkate uliodondokea chai, na ndani kulikuwa na grisi ya kahawia, ileile inayopakwa kwenye beringi. Grisi ya petroli na mpira wa breki havikai pamoja: mpira unavimba, unaikaba pini, na kalipa inabaki imeegemea upande mmoja. Pini hizi zinataka grisi ya silikoni au grisi maalumu ya breki isiyodhuru mpira. Tyubu ndogo inafunga magari mengi.

Kukagua bila kufungua: endesha kilomita tano hivi ukitumia breki kidogo iwezekanavyo, simama, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Upande wenye joto kuzidi mwenzake ndio uliokaza. Halafu inua kwa jeki, weka stendi chini, zungusha tairi kwa mkono. Msuguano mdogo ni kawaida, lakini tairi lisiwe gumu kulizungusha.

Pande zote zikiwa nyeusi sawasawa, angalia uso wa diski. Pedi mpya ikiwekwa juu ya diski yenye mifereji kama sahani ya santuri, inasagwa mpaka ichukue umbo la mifereji ile, na wakati huo wote inamwaga vumbi. Mpe gari kilomita mia kadhaa kabla ya kulaumu. Mifereji ikiwa inakwama ukucha, diski inataka kuchongwa au kubadilishwa.

Linabaki swali la mwisho: pengine si seramiki. Maandishi ya boksi hayathibitishi kitu. Itoe pedi, angalia ubavuni au mgongoni kwake. Pedi yenye heshima ina msimbo uliochapwa, na mwishoni mwake herufi mbili kama FF au GG. Ya kwanza inaonyesha mshiko ikiwa baridi, ya pili ikiwa ya moto. E ni kigezo cha msuguano cha 0.25 hadi 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Zilizopitishwa kwa kanuni za Ulaya zina herufi E ndani ya duara na namba inayoanza na 90R. Pedi isiyo na chochote mgongoni, hata rangi yake ikipendeza, mimi siifungi. Kipimo kingine cha nyumbani: kwangua ukingo wa pedi kwa tupa juu ya karatasi, kisha pitisha sumaku chini. Unga ukiruka na kusimama kama nywele, umeuziwa semi-metaliki. Ukisogea kidogo tu usiharakishe kumhukumu muuzaji, kwa sababu baadhi ya seramiki zina chembe za madini yanayovutwa na sumaku.

Na usishangae pedi ya kampuni ileile uliyoisifia miaka kumi iliyopita ikijisikia tofauti leo. Majimbo ya California na Washington kule Marekani yaliweka kikomo cha shaba ndani ya pedi, asilimia 5 kuanzia 2021 na 0.5 kuanzia 2025, kwa sababu vumbi lake lilikuwa linaishia mitoni na kudhuru samaki. Watengenezaji wakubwa wamebadilisha mchanganyiko, na zinazofika huku nazo zimebadilika.

Inalia

Muulize mwenye gari inalia lini, utakuwa umepata nusu ya jibu.

Asubuhi tu, mara mbili tatu za kwanza, halafu kimya: huo ni unyevu. Hewa ya Dar, hasa Kigamboni, Msasani na kote karibu na bahari, inaipa diski utando wa kutu usiku mmoja. Pedi inaufuta. Acha.

Inalia kila unaposimama polepole kwenye foleni: hapa ni ufungaji. Mafundi wengi wanatupa zile bamba nyembamba za mgongoni mwa pedi, wakisema "hizi hazina kazi". Kazi yake ni kunyonya mtetemo, na mlio wa breki ni mtetemo tu. Angalia pia vile vibanio vya chuma ambavyo masikio ya pedi hutelezea ndani yake. Vikiwa na kutu, visugue kwa brashi ya waya au nunua vipya, kisha paka grisi ya breki kidogo sana kwenye masikio na mgongoni. Kidogo sana maana yake utando. Ikifika kwenye uso wa pedi, pedi hiyo imekufa, hakuna kuosha.

Mlio mkali mfululizo, unaobadilika ukigusa breki: kile kilimi cha chuma cha kutahadharisha kinagusa diski. Ama pedi imeisha, ama imefungwa upande ambao si wake. Na ukisikia kukwaruza kwa chuma juu ya chuma, usimalize safari.

Sababu inayosahaulika zaidi ni kwamba pedi hazikuzoeshwa. Seramiki inahitaji kuacha tabaka jembamba la mwili wake juu ya diski, sawasawa pande zote, na foleni ya Mandela haiwezi kuifanyia kazi hiyo. Toka Jumapili saa kumi na mbili asubuhi kwenye barabara tupu iliyonyooka, hakikisha nyuma hakuna mtu. Fika kilomita 50 kwa saa, kanyaga kwa nguvu ya wastani mpaka 10, achia, rudi tena 50. Fanya hivyo mara kumi ukiacha kama nusu dakika katikati. Usisimame kabisa breki zikiwa moto, na ukimaliza endesha dakika kumi bila kuzigusa sana ili zipoe. Kiharufu kidogo kitatoka, usiogope.

Inashika kwa kuchelewa

Sehemu ya jambo hili ni tabia ya seramiki. Mshiko wake wa kwanza ni laini kuliko semi-metaliki, unakuja taratibu. Ukishaizoesha na mguu wako ukazoea, tofauti inakuwa ndogo. Ila kama lazima ukanyage kwa nguvu zote, usijifariji kwa maneno hayo.

Angalia mafuta au grisi kwenye uso wa pedi. Kagua sevo, kile chombo kinachousaidia mguu wako kusukuma breki: zima injini, pampu pedali mara tano mpaka iwe ngumu, ishikilie, washa injini. Pedali inatakiwa ishuke kidogo chini ya mguu. Isiposhuka, tatizo liko kwenye sevo au hozi yake ya upepo, na pedi unazionea bure. Angalia pia herufi za msimbo. Ukitoka GG kwenda EE umepunguza mshiko kwa hiari yako.

Hapa pia niseme: Hiace ya abiria, Noah inayobeba mzigo wa Kariakoo kila siku, gari linalovuta tela, mimi siwashauri seramiki za kawaida. Joto la breki zake ni jingine. Wafunge pedi za kazi, rimu zichafuke.

Pedali inazama

Kama umemaliza kufunga sasa hivi na pedali inaenda mpaka chini, huenda pistoni tu bado ziko nyuma ulikozisukuma. Pampu pedali kabla hujagusa gia, mpaka iwe ngumu. Kuna magari yameingia ukutani kwa kusahau hatua hii, gari likiwa bado uani.

Ikizama baada ya hapo, kuna upepo kwenye mfumo au kuna mahali panavuja. Usilitoe gari. Kama fundi alifungua nipeli ya kalipa, ile skrubu ndogo ya kutolea upepo, kurahisisha kurudisha pistoni, mwambie atoe upepo matairi yote. Mafuta ya breki yanakunywa unyevu wa hewa, na Dar unyevu hauna msimu. Mafuta ya aina ya DOT 3 yakiwa mapya yanachemka kuanzia nyuzijoto 205, yakishanyonya maji kiwango cha chini ni 140. Mafuta yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabanwa kama upepo. Ndiyo habari ya wanaokwenda Mbeya Desemba, halafu wakati wa kurudi Dar, gari limejaa, wanashuka mlima Kitonga mguu ukiwa kwenye breki badala ya gia ndogo. Badilisha kila miaka miwili, na fuata aina iliyoandikwa kwenye kifuniko.

Ukirudisha pistoni, fungua kwanza kifuniko cha kikopo cha mafuta na uangalie kiwango. Yakipanda mpaka kumwagika yanatafuna rangi ya gari. Kalipa za nyuma zenye hendibreki ndani yake pistoni haisukumwi, inazungushwa. Zenye hendibreki ya umeme zinataka mashine ya kuiweka kwenye hali ya matengenezo. Baadhi ya haibridi za Toyota zinaamsha pampu ya breki ukifungua tu mlango wa dereva, kwa hiyo fuata utaratibu wa gari lako kuzima mfumo kabla vidole vyako havijaingia kwenye kalipa.

Stelingi inatetemeka ukifunga breki

Watasema diski imepinda. Mara nyingi imelika bila usawa, au imekaa juu ya kutu iliyoganda kwenye habu, kile kitovu ambacho diski na tairi hufungwa juu yake. Ondoa diski, sugua habu kwa brashi ya waya mpaka ionekane chuma, rudisha, kaza nati za tairi kwa mtindo wa msalaba. Toyota ndogo nyingi zinataka nguvu ya 103 Nm, na kijana wa pancha anayeruka juu ya wili spana anazidisha mbali. Kama unaichonga diski, soma kwanza unene wa chini uliochapwa kwenye diski yenyewe. Ikifika hapo, ni chuma chakavu.

Linavuta upande, linanuka kuungua

Upepo wa matairi kwanza, maana ni bure. Halafu pini, kama nilivyoeleza. Pini zikiwa sawa na tairi bado limekaza, kipimo kizuri ni hiki: legeza nipeli ya kalipa hiyo kidogo. Mafuta yakitoka na tairi likaachia, presha ilikuwa imefungiwa, na mshukiwa wa kwanza ni hozi ya mpira iliyovimba ndani. Nje inaweza kuonekana mpya kabisa. Lisipoachia, pistoni au pini ndiyo imeota kutu. Waliopita kwenye maji ya Jangwani wakati wa masika waanzie hapa.

Na wakati wowote unapofungua, usiruhusu mtu apulize vumbi kwa kompresa. Huwezi kujua pedi ya zamani ilitengenezwa kwa nini, na baadhi ya za zamani zilikuwa na asbesto. Lowesha, futa kwa kitambaa, kitupe.

Baada ya kilomita 500 nachungulia tena kwa tochi katikati ya mikono ya rimu. Pedi mpya huwa na milimita 10 hivi, na ikifika 3 nanunua nyingine. Naangalia ya ndani na ya nje, maana seramiki ina ubaya mmoja ambao hauandikwi kwenye boksi: rimu ikishazoea kuwa safi, ule weusi wa upande mmoja ulioniumbua miezi mitatu unakuwa hafifu, na macho hayauoni. Dogo anayetuoshea magari hapa mtaani anauona, kwa sababu ni mkono wake unaosugua. Kila Jumamosi namuuliza tairi gani limemsumbua. Kwa kawaida anacheka, anasema yote sawa. Wiki iliyopita alinyoosha brashi kuelekea Rav4: "Bosi, la mama, kulia mbele."